Stika Tatu, Shingo Moja

...na bosi bado anauliza, “au siyo, fundi?”, kana kwamba swali lenyewe ni salamu tu, itikia marahaba uendelee na kazi yako, na fundi amesimama na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, namba tano mkononi, boliti moja ya usukani imekazwa, ya pili bado, baiskeli nyeupe imebanwa kwenye stendi katikati ya duka, na bosi ameweka kiganja juu ya tandiko la ile ya kijani, analipapasa polepole kama anayebembeleza mtoto alale, na mteja, mama wa makamo mwenye buti za matope na shati la kaki la walinzi wa msitu, ameyahamisha macho kutoka kwa bosi hadi kwake, anangoja, hana haraka, mtu anayelinda miti atakuwa na haraka ya nini... au siyo nini sasa, hebu tujue, au siyo kwamba hii ya kijani ni enduro, imezaliwa kwa ajili ya kushuka milima mikali, ile nyekundu ni treili, ya kuzungukazunguka vilimani Jumapili, na hii nyeupe kwenye stendi ni kroskantri, nyepesi, ya kupandia na kushindania, ndivyo alivyosema bosi na ndivyo linavyosema bango kubwa nyuma ya kaunta, lenye visanduku tisa vya rangi tisa, wanasema mwaka jana vilikuwa vitano, mwaka juzi vitatu, vinazaana hivi visanduku, na ndani ya kila kisanduku mwanamume amepanda baiskeli na miwani yake, yeye ameliangalia bango hilo miezi saba akinywa chai, na tofauti aliyoiona waziwazi ni ndevu, wa kroskantri hana, wa treili anazo kidogo, wa enduro anazo za kutosha njiwa kutagia, na huyu mama wa msituni hana ndevu wala miwani, ana mlima tu, mlima wa kweli, alisema alipoingia, “Mimi nataka ya kushukia, kupanda nitasukuma,” na yeye akampenda palepale, maana ni wachache wanaoingia dukani wakijua wanataka nini... na Jumatatu maboksi yalipofika nani aliyafungua, siyo bosi, bosi hafungui maboksi, bosi ni mkwe wa mwenye duka na viatu vyake ni vyeupe, ni yeye aliyezitoa fremu moja moja, ya kijani, nyekundu, nyeupe, hazina hata herufi moja ubavuni, akazipindua kama baba alivyomfundisha, fremu isome tumboni usiisome usoni, na chini kabisa, pale pedeli zinapopita, zote tatu zimegongwa namba ya muundo ileile, herufi mbili na tarakimu sita, mapacha wa tumbo moja waliovishwa nguo tofauti, na stika zikaja kivyake ndani ya bahasha, na bosi akampa ile bahasha akamwambia, “Kijani enduro, nyekundu treili, nyeupe kroskantri, usichanganye.” Usichanganye, jamani. Akamwuliza, “Nikichanganya tutajuaje?” na bosi akacheka, akaona fundi wake ana utani mzuri, akaenda zake, na yeye akabaki na bahasha, akazibandika moja moja, akizisugua kwa kitambaa zisishike mapovu ya hewa, kazi safi, kazi ya mtu anayejua kunyamaza.

Kunyamaza hakukuanza Jumatatu, lakini hilo baadaye, hilo liache huko lilipo... “Hii foku yake ndefu,” bosi anamwambia mteja, anaubonyeza ule uma wa mbele wenye shokapu, unazama na kurudi kwa mhemo mtamu, “inameza mawe kama uji,” na mteja anatikisa kichwa, siyo kukubali, kusikiliza tu, na uma huo, uma huo ndio wa Jumanne, ulikuja kwenye boksi lake peke yake, mrefu kuliko wa wenzake kwa upana wa vidole vitatu, na bosi akasema fungia ile ya kijani, na tairi zile nene pia, na yeye akauliza, aliuliza, Mungu shahidi, “Bosi, shingo ya fremu hii itaubeba?” na bosi, bila ubaya, kwa upole kabisa, akasema, “Dada, kazi yako ni kufunga, kufikiri wameshafikiri kiwandani,” na yeye akafunga, kwa sababu duka hili ndilo pekee lililokubali fundi mwanamke, matatu mengine yalimwambia tutakupigia, mpaka leo simu hazijapata chaji, akafunga, akakaza, akaupima mzunguko wa usukani kama haukwami, haukukwama, akaipangusa, na adhuhuri wenzake walipokwenda kula akatoa kipimapembe cha binti yake, kile cha plastiki cha mkebe wa hesabu, akakiweka kwenye shingo ya nyekundu, lile bomba la mbele linaloshika uma, kwenye shingo ya nyeupe, kwenye shingo ya kijani, na ile ya kijani ilikuwa imelala nyuzi mbili tu zaidi, na nyuzi hizo mbili zimetoka kwenye uma, siyo kwenye fremu, mtu akivaa viatu vya kisigino haongezeki mifupa... maana pembe ipo, hapo ndipo anapotaka kumshika mtu shati, pembe ipo, wale wanaokaa vijiweni wakisema yote ni biashara, baiskeli ni baiskeli, nao wamkome, baiskeli ya kushukia shingo yake imelala, gurudumu limetangulia mbele huko, ukiitia kwenye mteremko mwili wako unabaki nyuma ya gurudumu na gurudumu linakutana na balaa kabla yako, na ya kupandia shingo imesimama wima, gurudumu liko karibu na magoti, inageuka upesi, tamu, panda nayo mpaka uchoke wewe, ila iteremshe penye mawe unatangulia wewe na yenyewe inafuata, na siyo pembe tu, ni unene, ile ya kushukia shingo imejengwa kama ya fahali, bomba limeongezwa nyama pale linapokutana na mwenzake, na hizi tatu shingo zao ni za kuku, nzuri, nyepesi, za kuku, sasa kati ya kuku na fahali weka visanduku vyako, viwe tisa viwe tisini, vya katikati huko ni maneno, leo treili kesho treili nyepesi keshokutwa treili ya asubuhi, sawa, kila mtu na riziki yake, lakini miisho miwili ya bango ni ya kweli, kupanda siyo kushuka, na yeye anajua, anajua kwa nini anajua, na ndiyo maana ulimi umekuwa mzito, siyo bosi, bosi ni nani, bosi ni viatu tu... simu inaita. Ya bosi. “Samahani kidogo, mama, ni mzigo wetu bandarini,” na bosi anasogea mlangoni, mkono mmoja sikioni, mwingine bado umenyooka nyuma kuelekea tandikoni kana kwamba baiskeli itatoroka.

Na mteja anasogea karibu na stendi, harufu ya moshi wa kuni na mvua, anasema kwa sauti ya chini, “Fundi, mimi nashuka kila siku na mzigo mgongoni, kuna ngazi za mawe pale kwenye bonde, zamani nilishuka kwa miguu lakini magoti yamekwisha, hii ya kijani itanifaa?” na yeye anamwangalia magoti, kama mjinga, anayaangalia magoti ya mama wa watu, kisha mabega, mabega mawili mazima yanayopanda na kushuka pamoja anapopumua, na hapo sasa ndipo, hilo la baadaye limefika, halikungoja kukaribishwa, mabega... mdogo wake ana bega moja linalopanda na moja lililokataa, ukimwona anaanika nguo utadhani anatania, mkono wa kulia unafika kwenye kamba, wa kushoto unaishia kifuani, analishika shati kwa meno, anabana kibanio, anacheka, miaka tisa anacheka, na miaka tisa iliyopita alikuja kwenye banda la baba akiwa na miaka kumi na tisa na kelele zote za umri ule, “Dada, kuna mashindano ya kushuka kule machimboni, wanasema lazima uwe na daunhili,” na yeye akacheka, alicheka kweli, akarudia maneno ya baba kama aya, maana baba alikuwa hai bado, yuko kona ile anaziba pancha, na baba alikuwa akisema kila siku, “Baiskeli ni magurudumu mawili na makalio ya mtu, yaliyobaki ni maneno ya wauzaji,” na jinsi lilivyokuwa neno tamu, lilimfanya fundi wa banda la mabati ajione mjanja kuliko maduka yote yenye vioo, akamwambia mdogo wake, “Majina hayo yanakusumbua bure, kaa hapo, keshokutwa utakuwa nayo hiyo daunhili,” akachukua baiskeli nyepesi iliyokuwapo, fremu ya kupandia, shingo ya kuku, akatafuta uma mrefu kwenye mabaki, akaufunga, akaweka tairi nene, ikasimama pale imeinua pua kama mtu mwenye dharau, ikapendeza, baba akaipiga kofi la tandikoni akasema “unaona sasa?”, na yeye, kumalizia utani, akachukua brashi na rangi nyeupe ya mlango akaandika ubavuni kwa herufi kubwa, DAUNHILI, herufi ya mwisho ikachuruzika, wakacheka wote watatu... stika. Hiyo nayo ilikuwa stika. Anasimama hapa na alenki akimbeza mtu mwenye bahasha, na ya kwanza kabisa aliiandika yeye, kwa mkono wake, kwa brashi, hata bahasha hakuwa nayo.

“...la, la, waambie wasishushe, nakuja,” anasema bosi mlangoni, na mteja bado anangoja, ameigusa shingo ya ile ya kijani kwa vidole viwili, pale pale penyewe, kama daktari, bila kujua, na fundi anataka kumwambia toa mkono hapo, toa, maana pale ndipo, kwenye ruko la tatu la machimboni mdogo wake alitua na shingo ikakatika pale, siyo kupinda, kukatika, usukani ukabaki mikononi mwake kama mtu aliyeng'oa mlango, na alipozinduka jambo la kwanza alilosema, mbele ya mama, mbele ya baba, mbele ya muuguzi, ni, “Niligonga jiwe.” Basi likawa jiwe. Mama akalilaani lile jiwe mwaka mzima, akauliza nani aliliweka, akataka liende likatolewe, baba akasema mawe ya machimboni yana roho mbaya, majirani wakaleta pole na habari za mawe mengine, na yeye alikwenda peke yake kuichukua ile baiskeli, akaipindua, akaushika mzunguko wa ringi ya mbele akauzungusha, na ringi ikazunguka sawasawa kabisa, haikucheza hata kidogo, haina kovu, haina bonde, na fundi yeyote, hata anayejifunza, anajua kwamba huwezi kugonga jiwe la kukutoa bega ringi ikabaki nzima, akaangalia pale palipokatika, chuma kinang'aa, kipya, kimekatwa na uzito wa uma mrefu uliokikunja nyuma na mbele mpaka kikakata tamaa, akaileta bandani, baba hayupo, akachukua msumeno akaikata vipande vinne, kile chenye maandishi akakitia chini ya mabaki, na jioni baba alipouliza akasema, “Nimeitupa, ina nuksi,” na baba akasema vyema, na baba amekufa akiamini jiwe, au akijifanya, na fundi mzee kama yule, aliyesoma fremu tumboni miaka arobaini, hakuuliza hata mara moja ringi ilikuwaje... hakuuliza. Wote hawakuuliza. Nyumba nzima ilijengwa juu ya jiwe ambalo halikuwapo, na ni tangu siku ile alipoanza kujifunza pembe, usiku na mchana, nyuzi na unene, kila fremu iliyopita mikononi akiipima, watu wakamwita mtaalamu, wakasema huyu dada ana kipaji, kipaji gani, ilikuwa ni deni la mtu mmoja tu na lilikuwa linaanika nguo kwa meno.

Na Jumapili iliyopita, jikoni, mdogo wake anamenya vitunguu, ameukandamiza ubao kwa kiwiko cha ule mkono mbovu, hakuinua macho, akasema tu kama anayeuliza chumvi iko wapi, “Dada, hivi lile jiwe lilikuwa upande gani wa njia, kulia au kushoto? Mimi nimesahau,” na yeye akajibu, Mungu amsamehe, akajibu upesi, “Kushoto,” na mdogo wake akasema, “Ee, kushoto,” akatabasamu kidogo kuelekea kitunguu, na yeye akadhani ni machozi ya kitunguu yale, alidhani hivyo wiki nzima, lakini sasa, amesimama dukani na boliti nusu, anaona kuwa siyo kitunguu, anajua, yule anajua, alijua tangu hospitali, mtu aliyeshika usukani uliong'oka mkononi atakosaje kujua, lile jiwe alimpa dada yake kama zawadi, alilibeba kwa mkono uliovunjika akamkabidhi, chukua, jifiche nyuma yake, na yeye amejificha, miaka tisa, akalizoea mpaka akalijengea upande wa kushoto, na Jumapili yule alikuwa anauliza kwa upole kama anaweza kulitua sasa, limekuwa zito, dada, na dada akamwongezea... na hasira inampanda, siyo ya bosi, au ya bosi pia, ipo ya kutosha wote, hasira na baba na neno lake tamu, hasira na kiwanda kinachozaa mapacha na kuwabatiza, hasira na visanduku tisa na ndevu zake, na juu ya yote hasira na huyu mwanamke mwenye aproni anayejua kuliko wote dukani na amefunga uma mrefu kwenye shingo ya kuku mara mbili katika maisha yake, mara ya kwanza kwa kutojua, hiyo basi, lakini mara ya pili alijua mpaka nyuzi, alizipima kwa kipimapembe cha mtoto, kisha akaipangusa kwa kitambaa, na kama huyu mama akishuka ngazi za bonde lile na mzigo mgongoni wiki ya pili au ya tatu, nani atakuwa ameliweka jiwe, atalipeleka upande gani, kulia safari hii... hapana. Hapana, bwana. Wamfukuze. Wampigie simu wale wa maduka matatu, au wasimpigie, atarudi kwenye banda la mabati, bado lipo, kufuli lina kutu lakini ufunguo anao, ataandika mlangoni kwa rangi ileile nyeupe kwamba hapa fremu inasomwa tumboni, na asiyetaka apite, na wala hatasema yote ni biashara, asiwape watu raha hiyo, atasema kuna ya kupanda na kuna ya kushuka na hizi tatu zote ni za kupanda, nzuri sana, zisifuni, mpandishe mtu hata kwenye paa, ila hakuna stika inayonenepesha shingo, na wakimwuliza umejuaje... hapo ndipo, hapo ndipo ulimi ulipokuwa umekwama, siyo kwa bosi hata kidogo, wakimwuliza umejuaje itabidi aseme, na hawezi kusema nusu, boliti ya nusu ndiyo inayoua.

Bosi amerudi, anatia simu mfukoni, kiganja kinarudi tandikoni palepale kilipokuwa, anapapasa, “Samahani mama, tulikuwa wapi, ndiyo, hii ndiyo yenyewe, enduro kamili, kushuka ni kazi yake,” na anamgeukia, meno yote nje, hana hata ubaya, “au siyo, fundi?”, na boliti ya pili bado haijakazwa, na mteja bado ameweka vidole viwili shingoni pale, na fundi anaichomeka alenki kwenye mfuko wa aproni, na anasikia sauti yake inatoka ya kawaida kabisa, ya kuomba chai.

“Siyo, bosi,” anasema, na kwa mama wa msituni, “usiondoe mkono hapo, hapo hapo ulipogusa ndipo patakapokatika. Najua kwa sababu nilishaifunga moja kama hii, akaipanda mdogo wangu. Watu walisema aligonga jiwe. Hapakuwa na jiwe.”